KUMFUNDISHA MTOTO MDOGO KUTEMBEA SALAMA KARIBU NA BARABARA

Maelezo kwa wazazi, walezi na walimu, kwa mfano wa Tanga na mwambao wa kaskazini

Wazazi na walezi wote wanakumbushwa kuwa mtoto mdogo haijui barabara mpaka afundishwe, na kwamba mafunzo hayo hayakamiliki kwa onyo linalotolewa mlangoni wakati mtoto anatoka. Maelezo haya yanatolewa ili kila mwenye mtoto afahamu nini kinamshinda mtoto barabarani, nini anaweza kufundishwa na kwa njia gani, na nini kinabaki kuwa wajibu wa watu wazima.

Mfano wa Tanga umechaguliwa kwa sababu iliyo wazi. Tanga na Pemba zinatazamana, na ndugu wa pande mbili hizi hutembeleana kwa harusi, misiba na likizo za shule. Mtoto aliyezoea kijia cha mikarafuu hujikuta baada ya safari fupi ya baharini amesimama kwenye njia panda ya mjini, mbele ya baiskeli, bajaji, bodaboda na malori ya bandarini. Aidha, hali ya Tanga haina tofauti kubwa na ile ya Chake Chake, Wete, Mkoani au Ng'ambo ya Unguja. Linalomfaa mtoto huko linamfaa na wa huku.

Uzito wa jambo lenyewe ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani, na kuwa ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaofariki ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasiokuwa na bati la gari la kuwakinga.

Barabara za Tanga zilivyo

Mji wa Tanga una mitaa iliyonyooka. Katika Ngamiani barabara nyingi zinajulikana kwa namba, na zinakatana na nyingine kila baada ya hatua chache. Kwa mgeni mpango huo ni rahisi kuukumbuka. Kwa mtoto mdogo maana yake ni kwamba njia panda ni nyingi, na kila njia panda ina pande nne za kutazamwa kwa wakati mmoja.

Tanga pia ni mji wa baiskeli tangu zamani. Baiskeli haina mngurumo. Mtoto aliyefundishwa kusikiliza gari peke yake huingia barabarani akidhani njia ni tupu, kumbe baiskeli imekwisha mfikia. Bodaboda zina hatari ya namna nyingine: husikika, lakini hupenya katikati ya magari, hupita kando ya lami mahali anapotembea mtoto, na mara nyingine hutokea upande asioutazamia.

Nje ya mji ziko barabara kuu tatu zinazopita katikati ya makazi. Ya kwanza ni ile ya kwenda Muheza na Segera, inayopitisha mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha pamoja na malori ya mizigo, na ambayo pale Pongwe ina kiwanda cha saruji. Ya pili ni ya Horohoro katika mpaka wa Kenya, yenye urefu wa kilomita 65, inayopita Amboni na Mabokweni. Barabara hiyo ilitiwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, chini ya mkataba wa miaka 2008 hadi 2013. Ya tatu ni ya Pangani, inayopita Tongoni na Kigombe, ambayo kazi ya kuitia lami imefanyika katika miaka ya 2020.

Lami ni neema, kwani mgonjwa hufika hospitali mapema na samaki hufika sokoni wakiwa wabichi. Lakini barabara ya vumbi ilikuwa na walinzi wake wawili. Mashimo yalimlazimisha dereva kwenda pole, na wingu la vumbi lilitangaza gari kabla halijafika. Lami huwaondoa walinzi hao wote. Mama aliyekulia kando ya barabara hiyo, akavuka utotoni mwake bila taabu, asimfundishe mwanawe kwa kumbukumbu za barabara ile ya zamani. Mahali ni pale pale, lakini gari linalopita leo haliendi kwa mwendo wa jana.

Kwa nini mtoto hawezi peke yake

Wazazi wengi hudhani kuwa mtoto anayegongwa ni mtundu au hasikii anapoambiwa. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kuwa mara nyingi sivyo. Mtaalamu wa Sweden, Stina Sandels, aliyechunguza mwenendo wa watoto barabarani katika miaka ya 1960, alifikia uamuzi kuwa mtoto mdogo hana uwezo wa mwili na akili wa kukabiliana na magari kama mtu mzima, hata awe mtiifu namna gani. Sababu kubwa ni hizi zifuatazo.

Kwanza ni kimo. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa takriban mita moja. Akisimama nyuma ya gari lililoegeshwa haoni barabara, na dereva haoni mtoto. Akisimama karibu mno mbele ya lori, dereva aliye juu huenda asimwone kabisa.

Pili ni macho na mwendo. Mwaka 2011 watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, wakiongozwa na John Wann, walipima uwezo wa watoto wa shule za msingi wa kutambua kuwa gari linawakaribia. Walionyesha kuwa gari likizidi mwendo wa kilomita 32 kwa saa, na likiwa bado umbali wa sekunde tano, watoto wengi hawatambui kwa uhakika kuwa linawajia. Mtoto hutazama, huliona gari, lakini kwake ni kama limesimama. Mzazi anayesema "Mtoto alitazama kisha akaingia" huenda anasema kweli.

Tatu ni mawazo. Mtoto huweza kushika jambo moja tu kwa wakati. Akimwona rafiki ng'ambo, au mpira ukikimbilia barabarani, hilo ndilo lililobaki duniani. Onyo la asubuhi halimo tena kichwani.

Nne ni kuhamisha fundisho. Mtoto aliyefundishwa kutazama pande zote mbele ya shule yake huenda asifanye hivyo mbele ya duka la jirani, kwa kuwa kwake hayo ni mambo mawili mbalimbali. Hii ndiyo sababu fundisho moja mahali pamoja halitoshi.

Hesabu ndogo itasaidia kuonyesha ukubwa wa tatizo. Barabara ya lami yenye upana wa mita saba humchukua mtoto mdogo sekunde saba hivi kuivuka kwa kutembea. Kwa muda huo gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 97, yaani karibu sawa na kutoka goli hadi goli katika uwanja wa mpira. Gari la kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 150. Ili mtoto avuke salama, gari la karibu lazima liwe mbali kuliko anavyoweza kulipima kwa jicho lake.

Breki nazo zina mipaka. Kwenye lami kavu, gari zima linalokwenda kilomita 30 kwa saa huhitaji takriban mita 13 kusimama, ikihesabiwa sekunde moja ya dereva kushtuka na kukanyaga breki. Kwa kilomita 50 huhitaji takriban mita 28, na kwa kilomita 80 takriban mita 57. Mtoto akitokea mita 20 mbele ya gari, dereva wa kilomita 30 husimama kabla ya kumfikia. Dereva wa kilomita 50 hawezi, hata akiwa hodari.

Maneno peke yake hayatoshi

Katika shule nyingi somo la usalama barabarani hufundishwa kwa picha ukutani, kwa wimbo au kwa hotuba ya askari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama. Mambo hayo ni mazuri, lakini yasidhaniwe kuwa yamemaliza kazi. Mwaka 2002 watafiti walikusanya na kupima majaribio 15 ya kufundisha waenda kwa miguu, wengi wao wakiwa watoto. Waliona kuwa mafunzo huongeza maarifa na huweza kubadili mwenendo, ila hapakuwa na jaribio hata moja lililopima kama majeraha yalipungua, wala lililofanywa katika nchi za kipato cha chini. Mtoto kujua jibu darasani na mtoto kusimama ukingoni mwa lami ni vitu viwili.

Njia iliyoleta matumaini zaidi ni ya kumfundisha mtoto barabarani penyewe. Katika miaka ya 1990, kwenye eneo la Drumchapel katika mji wa Glasgow, Uskochi, wazazi wa kawaida waliojitolea walipewa maelekezo, kisha wakawatoa watoto wa miaka 5 hadi 7 katika vikundi vidogo hadi mitaa yao wenyewe. Walifundisha mambo matatu: kuchagua mahali salama pa kuvukia, kuvuka penye magari yaliyoegeshwa, na kuvuka karibu na njia panda. Watoto wale waliendelea vizuri kuliko wasiofundishwa, na baadaye mpango huo ulienezwa sehemu nyingine za Uingereza. Haukuhitaji mitambo. Ulihitaji mtu mzima, barabara ya mtaani, na subira. Vyote hivyo vinapatikana Tanga na visiwani.

Hatua za mafunzo

Mafunzo yafanyike katika njia ile ile anayopita mtoto kila siku, kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa juma, na yarudiwe kwa miezi. Umri uliotajwa hapa ni wa kukadiria. Mtoto asipandishwe hatua kwa sababu ametimiza miaka, bali kwa sababu ameonekana mara nyingi akifanya sawasawa.

Hatua ya kwanza: mkono (miaka 2 hadi 4). Mtoto ashikwe mkono wakati wote, awekwe upande wa ndani, na mtu mzima awe kati yake na magari. Mama aliyebeba mzigo kichwani na mchanga mgongoni mara nyingi humwambia mkubwa ashike ncha ya kanga. Hiyo si kinga, kwa kuwa ashikaye ndiye awezaye kuachia. Mtoto ashikwe yeye. Katika umri huu afundishwe neno moja, "Simama", kama mchezo wa uani, hadi akilisikia asimame papo hapo hata akiwa mbioni. Aonyeshwe pia ukingo wa lami na aambiwe kuwa hapo ndipo miguu yake inapokoma.

Hatua ya pili: mahali (miaka 5 hadi 6). Mzazi amuulize mtoto, "Tuvukie wapi?" na amwache ajibu na kutoa sababu. Mahali pazuri ni pale panapoonyesha barabara mbali kwa pande zote mbili, au penye kivuko cha pundamilia, au penye mtu mzima wa kuvusha. Mahali pabaya ni penye kona, mwinuko, kichaka, kibanda cha biashara au gari lililosimama. Mtoto akichagua vibaya asikaripiwe. Mzazi ainame hadi kimo cha mtoto, atazame kutoka hapo, kisha wakubaliane pamoja kuwa hapaonekani. Mzazi mwenyewe atashangaa ni mambo mangapi yanafichwa na teksi moja.

Hatua ya tatu: utaratibu wa kuvuka (miaka 6 hadi 8). Mtoto asimame ukingoni. Atazame kulia, atazame kushoto, atazame tena kulia, na asikilize. Njia ikiwa tupu avuke moja kwa moja kwa kutembea, asikimbie, wala asikate barabara kwa mshazari, na aendelee kutazama mpaka afike. Mtoto aelezwe na sababu, ili asikariri kama kasuku. Tanzania Bara na Zanzibar magari hupita kushoto, na kwa hiyo gari la kwanza kumfikia aliye ukingoni hutoka kulia kwake. Ndiyo maana kulia hutazamwa kwanza, na hutazamwa tena kabla ya kuingia.

Katika hatua hii iko kanuni moja inayopita nyingine zote kwa thamani. Mtoto asifundishwe kukadiria. Mtu mzima huliona gari na kusema, "Bado liko mbali, tuwahi." Mtoto hana kipimo hicho, kama ilivyoelezwa hapo juu. Kanuni yake iwe hii: ukiona gari, pikipiki au baiskeli inakuja, subiri ipite. Hakuna hesabu ya kufanya, wala hakuna kosa la kukadiria vibaya. Mzazi naye aifuate kanuni hiyo kila awapo na mtoto, kwa maana mtoto hufuata miguu ya mzazi kabla ya maneno yake.

Hatua ya nne: magari yaliyoegeshwa na njia panda (miaka 7 hadi 9). Ikibidi kuvuka penye magari yaliyosimama, mtoto atazame kwanza kama ndani yamo madereva na kama injini inanguruma. Kisha asogee hadi pembe ya nje ya gari, asimame hapo mara ya pili kana kwamba ndipo ukingo unapoanza, na atazame upya. Katika njia panda atazame pia nyuma yake na mbele yake, kwa sababu gari linalokata kona hutoka huko. Barabara zenye namba za Ngamiani ni darasa zuri la hatua hii, saa za asubuhi siku ya mapumziko magari yanapokuwa machache.

Hatua ya tano: mtoto aongoze (miaka 8 hadi 10). Mtoto atangulie na mzazi afuate nyuma bila kusema neno, ila penye hatari. Baada ya siku nyingi mzazi amtazame kwa mbali bila mtoto kujua. Akivuka vizuri anapoangaliwa na akavuka vibaya anapodhani haangaliwi, bado hajawa tayari.

Mahali pasipokuwa na njia ya waenda kwa miguu, kama ilivyo sehemu kubwa ya barabara za nje ya mji, watembee upande wa kulia, mbali na lami kadiri inavyowezekana. Kwa kufanya hivyo magari ya upande wao huwajia usoni na si mgongoni. Watoto wakiwa wengi wafuatane kwa mstari mmoja.

Mambo yanayohitaji uangalifu wa pekee

(a) Daladala na mabasi. Anayeshuka asivuke mbele wala nyuma ya gari. Angoje liondoke, barabara ionekane, ndipo avuke.

(b) Baiskeli na bodaboda. Mtoto afundishwe kutazama hata penye ukimya, na kutazama pande zote mbili hata pale ambapo vyombo vinatakiwa kutoka upande mmoja.

(c) Malori. Lori linalorudi nyuma lisipitwe kwa nyuma hata kama limesimama kidogo. Watoto wasicheze chini au kando ya malori yaliyoegeshwa.

(d) Reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na treni za kuelekea Moshi zilirejea mwaka 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 10. Katika miaka ya ukimya wako watoto waliozaliwa na kukua wakiiona reli kuwa njia ya kutembelea tu. Waambiwe wazi kuwa treni haiwezi kukwepa wala kusimama ghafla, na kwamba reli huvukwa penye kivuko peke yake.

(e) Giza. Baada ya magharibi nguo nyeusi na za buluu hazionekani na dereva mpaka gari limekaribia mno. Kanzu nyeupe ya chuoni, kofia nyeupe au mtandio mweupe huonekana mapema zaidi. Anayefuatana na watoto usiku abebe tochi.

(f) Masika. Maji yakijaa pembeni mwa barabara, watoto hupanda juu ya lami ili wasilowe. Lami ikiwa imelowa, gari nalo huchelewa kusimama. Siku kama hizo watoto wasindikizwe, au wachelewe kidogo mvua ipungue.

Kutumwa dukani, chuoni na shuleni

Katika mwambao mtoto hutumwa, na kutumwa ni sehemu ya malezi mema. Hakuna anayeshauri desturi hiyo iachwe. Linaloshauriwa ni kuipanga. Mtoto asiyemaliza hatua zilizoelezwa atumwe duka la upande ule ule wa barabara. Asitumwe saa za msongamano wala baada ya magharibi. Asiharakishwe kwa maneno kama "Nenda mbio urudi sasa hivi", kwa kuwa mtoto hulichukua neno mbio kama lilivyo.

Jambo jingine linalopaswa kuachwa kabisa ni kumwita mtoto kutoka ng'ambo ya barabara. Baba anarudi kazini, anamwona mwanawe mlangoni, anamwita kwa furaha akiwa upande wa pili. Mtoto humwona baba tu na kumkimbilia. Mwenye kumtaka mtoto avuke yeye amfuate.

Vile vile, katika nyumba nyingi dada wa miaka minane hukabidhiwa mdogo wake ampeleke chuoni au shuleni. Heshima ya kazi hiyo ni kubwa kuliko uwezo wake. Yeye mwenyewe bado anajifunza, na sasa ana macho mawili ya kutazama barabara na mkono mmoja wa kumzuia mwenziwe. Wazazi wa mtaa mmoja wanashauriwa kupeana zamu, mtu mzima mmoja akawavusha watoto wa nyumba tano au sita kwa pamoja asubuhi, na mwingine mchana. Maalimu wa chuo naye anaweza kuwaachia wanafunzi kwa makundi badala ya kuwatoa wote mbio kwa wakati mmoja.

Wajibu wa dereva na wa barabara

Kwa kuwa mtoto hawezi kukamilika haraka, pengo lililobaki lazima lizibwe na wakubwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotumika Tanzania Bara, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo yenye makazi. Zanzibar ina sheria yake. Lakini ieleweke kuwa kikomo si amri ya kukimbilia. Kilomita 50 ni zaidi ya mwendo ambao jicho la mtoto linaweza kuupima. Azimio la Stockholm la Februari 2020, lililotolewa na mkutano wa mawaziri wa nchi mbalimbali kuhusu usalama barabarani, lilihimiza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na watu huchanganyika. Dereva anayepita mbele ya shule, chuo au soko ana haki ya kwenda polepole kuliko kibao kinavyomruhusu, na ana wajibu wa kusimama penye kivuko.

Barabara nayo inaweza kufanywa imlinde mtoto. Ushahidi upo hapa hapa nchini. Katika Dar es Salaam shirika la Amend lilipitia shule za msingi zilizokuwa na hatari kubwa, likaweka matuta, njia za miguu, vivuko, alama na vizuizi, na pengine likahamisha lango la shule kutoka barabara kuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa majeraha ya watoto katika shule hizo yalipungua kwa takriban asilimia 26. Mwaka huo huo mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji na taasisi ya WRI.

Wananchi wa kijiji au mtaa wenye shule kando ya barabara hawana haja ya kungoja ajali itokee ndipo waombe tuta. Kwa Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kamati ya shule pamoja na mwenyekiti wa kijiji au mtaa waandike barua wakieleza mahali penyewe, saa watoto wanapovuka, idadi yao waliyoihesabu kwa siku kadhaa, na kizuizi gani cha kuona kipo hapo. Barua yenye hesabu hujibika kwa urahisi kuliko malalamiko. Wananchi wa Unguja na Pemba wafanye hivyo kwa kupitia kwa sheha.

Wito

Uko msemo uliozoeleka kuwa ajali haina kinga. Husemwa kwa wafiwa ili kuwaliwaza, na kwa nafasi hiyo ni maneno ya upole. Lakini msemo huo usihamishwe kutoka msibani ukawekwa barabarani. Mtoto wa miaka mitano aliye peke yake kwenye lami anayo kinga, nayo ni mkono wa mtu mzima. Mtoto wa miaka saba anayo kinga, nayo ni mazoezi ya kila siku na kanuni ya kusubiri. Watoto wote wanayo kinga ya dereva anayepunguza mwendo na tuta lililowekwa mapema.

Wazazi, walezi, walimu wa shule na maalimu wa vyuo, wenyeviti wa mitaa na vijiji, masheha, pamoja na madereva wote wanaombwa kuyasoma maelezo haya, kuwasomea wasiojua kusoma, na kuanza mafunzo na watoto wao bila kuchelewa, kwenye njia ile ile watakayopita kesho asubuhi.